Saa 78: kidole tumbo, kafyu na kipimo kilichosubiriwa

Mgonjwa wa kisa hiki sitampa jina, kwa sababu si mtu mmoja. Nimemuunga kutokana na mambo yaliyokuwa ya kawaida Nairobi wiki za mwisho za Aprili 2020, wakati wa janga la korona, nisije nikamwanika mtu au kituo chochote. Saa zake nimezipanga mimi. Kafyu, karantini na jinsi ugonjwa unavyokwenda ndani ya tumbo sikuvibuni.

Ni kijana wa miaka 24, fundi wa kuchomelea vyuma Kariobangi, anakaa chumba kimoja na dadake kwenye ploti yenye choo cha pamoja. Hana kisukari, hana pumu, hajawahi kulazwa. Kazi imepungua tangu Machi. Jumatatu saa nane mchana tumbo linaanza kumuuma kuzunguka kitovu, maumivu ya kubana na kuachia. Chakula hakitaki. Anafikiria ni chapati za jana, anakunywa chai ya tangawizi, analala.

Jumanne asubuhi maumivu yamehama. Sasa yako chini upande wa kulia, hayaachii, na akitembea kila hatua inapiga pale pale. Saa nne anaenda kwa kemisti. Muuzaji anamuuliza kama anaharisha, anajibu kidogo. Anapewa dawa ya kutuliza maumivu na vidonge vya ameba, shilingi mia mbili na kitu. Mwili nao unachemka tangu alfajiri. Hilo la homa hamwambii mtu yeyote isipokuwa dadake, tena kwa kunong'ona, maana ukuta wa mabati husikia.

Jumatano saa tano asubuhi maumivu yanapungua ghafla. Anakaa kitako, anaomba uji. Dadake anamshukuru Mungu. Saa mbili usiku tumbo zima limekuwa gumu kama ubao, anatapika matapishi ya kijani, anapumua kifupi kifupi. Kafyu imeanza saa moja.

Pale maumivu yalipopoa

Nianzie hapa, kwa kuwa ndiyo saa iliyoamua mengine yote, na kwenye faili nyingi huandikwa kwa mstari mmoja au haiandikwi kabisa.

Kidole tumbo ni kifuko chembamba kilichofungwa mwisho wake, kimening'inia pale utumbo mpana unapoanzia. Mlango wake ukizibwa, na kinyesi kilichokauka au na tezi zilizovimba, ute unaendelea kutengenezwa ndani bila pa kutokea. Presha inapanda. Mishipa inayorudisha damu inabanwa kwanza, kisha ile inayoleta. Ukuta unakosa damu, unaanza kuoza, na bakteria wa utumboni wanajipenyeza. Hatua ya kwanza mwili hauwezi kusema ni wapi hasa panauma, ndiyo maana mtu anashika kitovu. Utando unaofunika ukuta wa tumbo ukishaguswa na uvimbe, mgonjwa anaonyesha kwa kidole kimoja: hapa. Yale maumivu yaliyohama kutoka kitovuni kwenda chini kulia yana thamani kuliko vipimo vingi vya maabara. Katika hesabu ya Alvarado, ya alama za kupima uwezekano wa kidole tumbo, ambayo madaktari wameitumia tangu 1986, kuhama huko kuna alama yake, kichefuchefu kina yake, homa ina yake, na uchungu wa pale chini kulia una mbili.

Kifuko kikipasuka, presha inatoka. Mgonjwa anapata nafuu. Nafuu hiyo ni ya uongo: usaha unamwagika tumboni, na baada ya saa chache tumbo zima linawaka. Kwa hesabu ya kisa chetu, nafuu ilikuja saa ya 45 tangu maumivu yaanze.

Sasa tazama. Saa ya 45 ni Jumatano kabla ya mchana. Jua linawaka, matatu zinatembea, japo ile ya watu kumi na wanne inabeba wanane na nauli imepanda. Barabara iko wazi. Hakuna polisi wa kumzuia. Ndiyo maana sikubaliani na wenzangu wanaosema kisa cha namna hii ni kisa cha kafyu. Kafyu ilikuja kumwongezea mzigo mtu ambaye kidole tumbo chake kilikuwa kimeshapasuka mchana kweupe.

Kilichomzuia ni homa. Kenya ilithibitisha mgonjwa wa kwanza wa korona tarehe 13 Machi 2020. Kufikia Aprili kila mtu mtaani alijua homa inaanzisha nini: inapigiwa simu, magari yanakuja na watu wamevaa nguo nyeupe kichwani hadi miguuni, na ploti nzima inaangalia kutoka madirishani. Mwanzoni waliopelekwa karantini ya lazima walitakiwa kujilipia malazi, na hadithi za watu waliozuiliwa siku zaidi ya kumi na nne kwa sababu hawakuwa na pesa zilifika hadi kwa asiye na televisheni. Fundi ambaye hajalipa kodi ya Aprili alipiga hesabu. Tumbo likiuma, litapoa. Homa ikijulikana, dada hapati kazi ya kufua kwa mtu tena.

Kwa hiyo akaificha. Alipofika kwa kemisti alitaja tumbo tu, na kemisti aliyesikia tumbo bila homa akatoa vidonge vya ameba. Simlaumu sana. Lakini niseme kwamba swali la kuhama kwa maumivu halina gharama, halihitaji barakoa, na lingeweza kuulizwa kutoka upande wa pili wa kaunta.

Usiku wa Jumatano

Kafyu ilianza tarehe 27 Machi, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Kwenye karatasi, mgonjwa wa dharura hakuwa mhalifu. Mitaani watu walikuwa wameshaona viboko na mabomu ya machozi, na mwisho wa Machi mtoto wa miaka 13 alipigwa risasi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao Kiamaiko, mwendo mfupi tu kutoka Kariobangi. Baada ya hapo hata mwenye gari alifikiri mara mbili.

Dada alimpigia mwenye boda aliyezoea kumbeba. "Dada yangu, saa hii siwezi. Wakinishika, pikipiki inaenda na deni bado." Alimpigia jirani mwenye gari la Probox, simu ikaita hadi ikakatika. Ambulensi ya kulipia ilitaka pesa ambazo hawakuwa nazo. Wakakaa. Saa tisa na nusu zikapita, kuanzia lilipokauka tumbo hadi saa kumi na moja na nusu alfajiri, boda alipokuja mwenyewe bila kupigiwa.

Haki itendeke: mji huu ulijua tatizo hilo na baadhi ya watu walilishughulikia. Mwezi huo huo Dkt. Jemimah Kariuki, aliyekuwa akisomea udaktari wa akina mama katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, aliona wajawazito wanavyokwama usiku, na kutokana na wito wake ukaanzishwa mpango wa Wheels for Life wa kuwapeleka hospitalini bure. Wazo zuri, na likafanya kazi. Ila kijana wa kiume mwenye tumbo gumu hakuwa na namba ya aina hiyo.

Saa tisa na nusu za usaha uliomwagika si kitu kidogo. Ndani ya muda huo mwili unahamisha maji kutoka kwenye damu kwenda kwenye tumbo lililovimba, figo zinaanza kukosa damu, moyo unakimbia. Kafyu haikumpasua, lakini ilimchukua mtu mwenye tumbo lililopasuka ikamfanya mtu mwenye sumu mwilini.

Getini

Alhamisi saa kumi na mbili asubuhi wako kwenye kituo cha afya. Askari wa getini ana kile kipimajoto cha kuelekeza kwenye paji la uso. 38.9. Hapo hapo njia ya mgonjwa inageuka: badala ya kwenda chumba cha dharura anaelekezwa kwenye hema la wenye homa, uani, benchi moja moja zikiwa zimeachana mita mbili.

Hema lilikuwa jambo la busara. Wafanyakazi walikuwa wachache, barakoa za kuhesabiwa, na mtu mmoja mwenye virusi angeweza kufungisha kituo kizima. Kosa lilikuwa kwenye fomu. Iliuliza kuhusu kikohozi, kusafiri nje ya nchi, kukutana na mgonjwa wa korona. Haikuwa na mahali pa kuandika "tumbo gumu". Muuguzi aliyekuwa zamu alijaza kila kisanduku kwa uaminifu, akaandika hapana, hapana, hapana, na kijana akasubiri afisa wa kliniki avae mavazi ya kinga aje. Ilichukua karibu saa tatu. Afisa alipomshika tumbo hakuhitaji hata dakika.

"Sista, huyu si wa hema. Huyu ni wa kupasuliwa. Wekeni dripu, piga simu ya rufaa."

Sindano ya antibiotiki ya kwanza iliingia hapo, na maji ya dripu yakaanza. Nalitaja kwa makusudi. Katika mlolongo huu mrefu wa kuchelewa, mtu mmoja alifanya jambo sahihi bila kusubiri jibu la mtu mwingine, na nadhani ndilo lililomweka hai kijana hadi usiku. Saa nne asubuhi ambulensi ikaondoka. Dereva alikuwa amemaliza kuiosha baada ya safari iliyotangulia.

Saa tisa za hospitali ya rufaa

Alifika saa tano asubuhi. Aliingizwa chumba cha upasuaji saa mbili usiku. Hapa ndipo kisa kinapotupasa kukaa, kwa maana hapa hapakuwa na hofu ya jirani wala polisi. Palikuwa na watu waliosoma, kila mmoja akiwa na sababu.

Presha ya damu ilikuwa 90 kwa 50, moyo mapigo 132 kwa dakika. Daktari wa upasuaji alitaka aingie thieta mara tu maji yakishamsimamisha. Mtaalamu wa dawa za usingizi alitaka kipimo cha korona kwanza. Sampuli ya puani ilichukuliwa saa sita mchana. Siku hizo maabara zenye uwezo wa kupima kwa PCR, kipimo kinachotafuta chembe za urithi za virusi, zilikuwa za kuhesabika nchini na sampuli zilijipanga foleni. Jibu lingeweza kuja kesho, au kesho kutwa.

Ni rahisi leo kumcheka mtaalamu wa usingizi. Usimcheke. Kumlaza mgonjwa na kumwingiza mrija kooni ndiyo hatua ambayo uso wa daktari unakaribia mdomo wa mgonjwa kuliko yote, na matone ya hewa yanaruka. Barakoa za N95, zile zinazochuja matone madogo ya hewani, zilifungiwa kabatini kwa kufuli. Zaidi ya hayo, thieta nyingi zimejengwa hewa yake isukumwe kutoka ndani kwenda nje, ili vumbi lisiingie kwenye kidonda. Ni nzuri kwa kidonda. Kwa mgonjwa mwenye virusi vya kupumua, hewa hiyo hiyo inapeleka virusi koridoni. Mtaalamu huyo pia ndiye aliyekuwa akiitwa kila mara kwenye chumba cha wagonjwa mahututi, kwa kuwa anaijua mashine ya kupumulia. Akiugua yeye, ni idara mbili zimepoteza mtu.

Alipendekeza njia ya kati: ganzi ya mgongoni, mrija usiingie kooni. Kwa kidole tumbo kilichowahiwa, ni pendekezo la kufikiriwa. Kwa huyu, hapana. Ganzi ya mgongoni hulegeza mishipa ya damu nusu ya chini ya mwili, na mtu ambaye presha yake tayari ni 90 anaweza kuzama mezani. Tena chale ingebidi ianzie juu ya kitovu, ili tumbo lote lioshwe, na ganzi ya mgongoni haimtoshi mtu kwa kazi ya muda mrefu hadi huko.

Je, antibiotiki peke yake? Wakati huo swali hili lilikuwa midomoni mwa madaktari duniani kote, maana miongozo ya dharura iliruhusu kidole tumbo kisichopasuka kitibiwe kwa dawa ili kupunguza upasuaji. Oktoba mwaka huo utafiti mkubwa wa Marekani, CODA, uliowagawa watu wazima 1,552, ulionyesha kwamba waliopewa antibiotiki hawakuwa na hali mbaya kuliko waliopasuliwa walipohesabiwa siku ya 30, japo asilimia 29 yao walikuwa wamepasuliwa hata hivyo ndani ya siku 90, na wenye jiwe la kinyesi ndani ya kidole asilimia 41. Ningekubali njia hiyo kwa kijana wetu, Jumanne asubuhi, kama kulikuwa na ultrasaundi na mtu wa kumfuata kwa simu. Ingawa naongeza kwa sauti ya chini: kumwambia mtu wa Kariobangi wa Aprili 2020 "ukizidiwa usiku rudi" ni kumwambia jambo ambalo wote wawili mnajua hawezi kulifanya. Alhamisi, tumbo likiwa limejaa usaha, mjadala huo haupo.

Sasa kipimo chenyewe. Swali lililopaswa kuulizwa saa sita mchana ni hili: jibu likija, tutabadilisha nini? Likija na virusi, mgonjwa bado anapasuliwa, kwa mavazi kamili ya kinga. Likija bila virusi, bado huwezi kuliamini moja kwa moja, kwa sababu sampuli ya siku za mwanzo inaweza kukosa virusi vilivyomo, kwa hiyo bado unavaa mavazi kamili ya kinga. Matokeo mawili, mpango mmoja. Kipimo kilikuwa na maana kwa swali la wodi gani atalazwa baada ya thieta. Kwa swali la lini apasuliwe hakikuwa na kazi.

Saa tisa zote hazikupotea, hilo nalikiri. Mgonjwa wa presha 90 hapelekwi mezani mbio. Saa mbili au tatu za kumjaza maji, kumpa antibiotiki ya pili na kuona mkojo unatoka ni sehemu ya upasuaji wenyewe. Kufikia saa nane mchana presha ilikuwa 110. Zilizobaki, kuanzia saa nane hadi saa mbili usiku, zilikuwa za kusubiri maabara, kisha kusubiri mtu akubali kwamba maabara haitajibu leo, kisha kusubiri funguo za kabati la barakoa, ambazo mwenye nazo alikuwa ametoka kazini mapema ili awahi kafyu.

Dada muda huo wote alikuwa nje ya geti. Wageni hawakuruhusiwa. Mama yao yuko Kitui, na tangu tarehe 6 Aprili Nairobi ilikuwa imefungwa, hakuna kuingia wala kutoka. Daktari wa upasuaji alimpigia mama simu kabla ya kuingia.

"Mama, shikamoo. Mimi ndiye daktari atakayemfanyia kijana wako."

"Marahaba, mwanangu. Basi mshike kama ndugu yako. Mimi hata nikitaka kuja, wamefunga."

Mezani na baadaye

Ndani walikuwa wanne badala ya saba. Wakati mrija unaingizwa kooni, wengine walisimama nje ya mlango, wakasubiri hewa itulie kabla ya kuingia. Miwani ilijaa ukungu. Kwa barakoa mbili na kioo usoni, "mkasi" na "nyuzi" zinafanana, wakaishia kuelekeza kwa vidole. Moshi wa kile kifaa cha umeme cha kuchoma mishipa ulifyonzwa kwa bomba la kawaida la kunyonya damu, kwa kuwa hakukuwa na lingine. Upasuaji kwa matundu madogo na kamera haukufikiriwa: miezi hiyo kulikuwa na wasiwasi kwamba gesi inayojazwa tumboni ingetoka na virusi.

Tumboni kulikuwa na usaha, kama nusu lita na ziada, na kidole tumbo cheusi kilichotoboka karibu na shina, jiwe dogo la kinyesi likielea kando. Kilitolewa, tumbo likaoshwa hadi maji yakatoka meupe, ngozi ikaachwa wazi kwa siku chache ili kidonda kisioze kwa ndani.

Alilazwa siku kumi na moja. Kidonda kilitoa usaha, kikashonwa baadaye. Kijana wa rika lake aliyewahiwa Jumanne angekuwa nyumbani baada ya siku mbili au tatu, na kovu la urefu wa kidole. Huyu ana kovu kutoka juu ya kitovu kushuka, na fundi wa kuchomelea hubeba vyuma. Alikatazwa kuinua kitu kizito kwa wiki kadhaa.

Mwisho wa Mei jarida la Lancet lilichapisha takwimu za kikundi cha COVIDSurg: wagonjwa 1,128 kutoka nchi 24 waliopasuliwa wakiwa na korona au wakaikuta punde baadaye. Asilimia 23.8 walikufa ndani ya siku 30, na nusu walipata matatizo ya mapafu. Baadhi ya madaktari walizisoma namba hizo kama ushahidi kwamba kusubiri kipimo kulikuwa sahihi. Mimi nazisoma vingine. Kwa upasuaji unaoweza kungoja, ndiyo, ngoja. Baadaye ilipendekezwa hata wiki saba tangu maambukizi. Lakini karibu robo tatu ya wagonjwa hao walikuwa wa dharura, watu wasio na nafasi ya kungoja, na hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa wanaume na kwa waliofika miaka 70. Ukimweka kijana wa miaka 24 kwenye mizani, upande mmoja virusi ambavyo huenda hana na upande wa pili usaha ambao unaushika kwa mkono, mizani haiyumbi.

Nikijumlisha: maumivu hadi geti la kwanza saa 64, kituo cha afya saa 4, njiani saa 1, hospitali ya rufaa saa 9. Jumla 78. Watu wanapozungumzia janga na upasuaji hutazama zile tisa, maana ndizo zimeandikwa kwenye faili. Zile 64 hazina faili. Ukitaka kuzipunguza unarudi kwa kemisti wa Jumanne, na kwenye fomu ya hema isiyo na kisanduku cha tumbo, na kwenye bili ya karantini.

Vipimo vya haraka vya antijeni, ambavyo jibu lake halingoji foleni ya maabara, vilianza kuidhinishwa na Shirika la Afya Duniani (WHO) Septemba 2020, na pole pole ule mvutano wa kungoja PCR ukalegea. Kafyu ilisogezwa hadi saa tatu usiku mwezi Juni, ikaendelea kwa sura tofauti tofauti, ikaondolewa tarehe 20 Oktoba 2021.

Jibu la sampuli ya kijana lilifika Jumamosi mchana, siku ya pili baada ya upasuaji. Hana virusi. Muuguzi aliyelipokea alilibandika kwenye faili, nyuma ya karatasi ya thieta, akaenda kumbadilishia bendeji.